Harusi Kapiga Mwanamke, Mkanda Kahariri Nani?

Ukialikwa kwenye harusi ya wanawake hapa Unguja, siku hizi kadi yenyewe inakutahadharisha mapema: simu haziruhusiwi ukumbini. Mlangoni kakaa mama mtu mzima na kapu lake. Unaweka simu, unapewa kikaratasi chenye namba, unapita. Ndani mabuibui yanavuliwa. Nywele zimetengenezwa, mabega yako wazi, hina na piko vimepanda mpaka kwenye viwiko, na taarab ikikolea hata bibi aliyeingia na mkongojo utamwona kainuka kwenda kutunza. Hakuna mwanamme hata mmoja, na ndiyo sababu watu wamejiachia namna ile. Mpiga picha naye ni mwanamke, kasakwa kwa makusudi na kalipwa vizuri, maana ni wachache.

Shughuli ikisha, memori kadi zinatiwa kwenye bahasha na kupelekwa kwa kijana wa kiume mwenye kompyuta kubwa.

Basi huyo ndiye atakayekaa na harusi ile wiki nzima. Ataipeleka mbele na kuirudisha nyuma, atamkuza huyu, atamkata yule, ataweka wimbo juu yake. Kapu la mlangoni linamkamata shangazi anayetaka kumpigia dereva wake aje kumchukua, halimkamati kijana huyo.

Mimi riziki yangu ni michoro: kadi za harusi, mabango ya maduka, vibandiko vya chupa za asali na manukato. Kwa kuwa kadi huanzia kwangu, hujikuta nimo kwenye shughuli tangu posa mpaka mkanda, na najua nani anampelekea nani nini. Sisemi vijana wa kuhariri ni watu wabaya. Wengi ni mafundi hasa, wana adabu zao, na wengine tumewalea wenyewe. Lakini kompyuta ya kijana huyo inatumiwa na ndugu zake, rafiki anakuja kunakili filamu, diski ikiharibika inakwenda kwa fundi mwengine. Familia moja ninayoijua ilishtukia kipande cha kesha lao la hina kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mama wa bi harusi akicheza, sekunde chache tu. Aliyekitoa hajulikani mpaka leo. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ni kweli, lakini sheria inakuja nyuma. Wakati huo picha imeshafika Muscat.

Kwa nini basi mkanda usihaririwe na yule yule mwanamke aliyepiga? Niliwahi kumuuliza shoga yangu mpiga picha, akanijibu kwa hesabu. Kamera ikirekodi kwa ubora wa 4K, megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45. Harusi zetu hazijui saa moja. Anaanza na bi harusi akipambwa, anaingia ukumbini, anamaliza usiku, na kamera ni mbili. Kompyuta yake mpakato ikifunguliwa mafaili hayo inaganda kwa dakika kadhaa, kisha inajizima kabisa. Kompyuta ya kuyabeba inauzwa bei ya kiwanja, akasema, na hata angelipewa bure hajui kuitumia, kwa sababu kila aliyemfundisha alimwonyesha pa kubonyeza tu, halafu akamnyang'anya panya mkononi.

Hilo la panya ndilo lililonikaa. Nilipokuwa nasoma, maabara yetu ya kompyuta ilikuwa na utaratibu ule ule bila ya mtu kuuandika: mvulana anaendesha, msichana anasoma maelekezo kwa sauti.

Nikaanza kusoma habari za wanawake waliowahi kulishughulikia jambo hili kwengine. Kituo kilichonifunza zaidi kiko Montreal, Kanada. Mwaka 1996, intaneti ikiwa bado inaingia kwa waya wa simu na kupiga kelele kama inachinjwa, wanawake wanne, Kathy Kennedy, Kim Sawchuk, Patricia Kearns na Sheryl Hamilton, walianzisha mahali wakapaita Studio XX. Kennedy ni msanii wa sauti, Sawchuk ni mwalimu wa chuo kikuu katika mambo ya mawasiliano. Hawakuanzia hewani. Mji wao tayari ulikuwa na jumba la maonyesho la wanawake, La Centrale, tangu 1973, na kundi la wanawake wa video, Groupe Intervention Vidéo, tangu 1975. Kilichokosekana kilikuwa chumba cha mashine mpya ambacho funguo zake ziko kwa wanawake wenyewe, wasanii, wanaokiendesha kwa mikutano yao na bodi yao, bila ya kuazima meza kwenye idara ya mtu.

Mwaka uliofuata walianza tamasha la kazi za wanawake kwenye wavuti, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la HTMlles. Walikuwa na kipindi cha redio kwenye CKUT, redio ya jamii ya mji huo. Walitoa jarida la mtandaoni. Walipokea wasanii wa kukaa kwa muda na kutengeneza kazi. Mwaka 2020 kituo kilibadilisha jina kikawa Ada X, kwa heshima ya Ada Lovelace, yule Mwingereza aliyechapisha mwaka 1843 maelezo ya namna mashine ya hesabu ya Charles Babbage ingeweza kupiga hesabu ndefu hatua kwa hatua. Mashine yenyewe haikuwahi kukamilika. Bibi huyo aliandika maelekezo ya mashine isiyokuwepo. Mimi nina shemeji yangu anazo kompyuta mbili na hajaandika hata barua.

Matamasha, niseme kweli, hayanisisimui sana. Unguja hatuna njaa ya matamasha. Kilichonivuta ni vile vikao vyao vya jioni, walivyoviita Femmes branchées, ambapo msanii anaionyesha kazi yake na kueleza inavyokwenda ndani, na warsha ambazo mwenye kujua leo ni mwanafunzi kesho. Na nilivutwa zaidi na jambo linaloonekana dogo: walitunza. Kazi za kidijitali hufa haraka. Programu iliyofungua faili mwaka 1998 leo haipo. Wao walijenga hifadhi ya kumbukumbu za kituo, wakaipa jina Matricules, mabango, picha, maandishi na kazi za wasanii waliopitia pale. Yaani walihakikisha kwamba mtu akitaka kujua wanawake wa mji ule walifanya nini na kompyuta, jawabu lipo nyumbani kwao wenyewe.

Somo jengine nililipata Amsterdam, kwa kundi linaloitwa Genderchangers. Hao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wakiwafundisha wanawake kuifungua kompyuta kwa bisibisi kabla ya kuwafundisha chochote kingine, na mwaka 2002 wakafanya mkusanyiko wa kwanza wa namna hiyo Pula, Kroeshia, ambao ukawa unahama mji mpaka mji. Wazo lao nililipenda papo hapo. Mtu aliyeshika kifaa kwa ndani hatishwi tena na mlio wake.

Basi na sisi tukakodi chumba chetu, Kikwajuni. Sisi ni wachache: mpiga picha, mtia hina, mwalimu wa skuli, mimi, na mabinti wawili waliomaliza chuo wakakaa nyumbani kusubiri ajira. Kodi tunachangishana kama upatu. Kituo hakina jina mlangoni, na hilo tulilikubaliana kwa makusudi. Jirani wa chini anaamini tunashona.

Kompyuta tulizoanza nazo zilikuwa za mezani, kuukuu, zilizotupwa na ofisi moja ilipobadilisha vifaa. Siku ya kuzifungua tulitandika mkeka, tukakaa chini, kila mtu na bisibisi lake. Ukiondoa ubavu wa kompyuta iliyokaa miaka kwenye hewa yetu ya chumvi unakutana na vumbi lililoshikana kama sufi, kutu ya kijani kwenye ncha za skrubu, na wakati mwengine mayai ya mjusi. Tulipuliza, tukapangusa meno ya vibao vya memori kwa raba ya kufutia penseli, tukavirudisha mpaka vikalia "tak" pande zote mbili. Kisha tukafika kwenye prosesa, kile kipande kinachopiga hesabu zote za kompyuta. Juu yake huwekwa pesti ya kijivu inayopitisha joto kwenda kwenye kile chuma cha kupoozea. Ikikauka, kompyuta inachemka na kujizima, na hiyo ndiyo ilikuwa maradhi ya karibu zote. Ikiwa nyingi inamwagika, ikiwa kidogo haifiki pembeni. Binti mmoja akaijaza. Mtia hina wetu, ambaye mpaka saa ile alikuwa amekaa mbali na kanga yake puani kwa ajili ya vumbi, akasema, "Hebu lete." Akaishika ile sindano ya pesti kama anavyoishika koni, akaweka tone moja katikati, akalizungusha kidogo kwa ncha, akakifungia chuma juu yake. Kompyuta ile haijazima tena. Tangu hapo kazi hiyo ni yake, na anapoifanya huwa hataki kuzungumzishwa.

Programu zote tunazotumia ni huria: Kdenlive kwa video, Audacity kwa sauti, Inkscape kwa michoro yangu. Hazilipiwi, na hazikulazimishi kupeleka faili lako kwenye seva ya mtu ughaibuni. Zile gigabaiti 45 tulizishinda kwa njia ambayo laiti shoga yangu angeliambiwa miaka ile: programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila faili, unakata na kupanga kwenye ile nyepesi, na mwisho kabisa kompyuta inarudi kwenye picha nzito na kuufuata mpangilio wako. Inakesha ikifanya hivyo, ndiyo. Tunaiacha, tunanunua tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ya kutosha na kuomba umeme usikatike.

Halafu kuna kufuta. Hili ndilo tulilolihangaikia kuliko yote, na ningependa kila mama mwenye binti alijue. Ukifuta faili kwenye diski ya kawaida, faili halijaondoka. Kompyuta imefuta tu mstari kwenye orodha yake unaosema faili liko wapi. Picha yenyewe imebaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu ya kuirudisha mtu yeyote anaweza kuipata. Kwa hiyo yule kijana anapomwambia bi harusi "nimeshafuta, dada," huenda anasema kweli kabisa kwa ufahamu wake, na harusi bado imo. Sisi diski zetu zimefungwa kwa nywila tangu siku ya kwanza, kabla ya kuingiza hata picha moja, kwa namna ambayo asiye na nywila anaona takataka tupu. Kila harusi ina nywila yake. Kazi ikimalizika, familia inachukua diski yake na nywila yake, na nakala yetu inaandikwa juu kwa sifuri mwanzo hadi mwisho mbele ya mama wa bi harusi. Wengine hucheka. Wengine husubiri mpaka mwisho, mikono wameikunja.

Hapo wateja wakaanza kuja, na ndipo niliporudi kusoma habari za Kanada kwa jicho la fedha, maana kila mtu anasifia vituo vya wasanii na hakuna anayeuliza mchele umetoka wapi. Kule kuna fedha za umma. Baraza la Sanaa la Kanada lipo tangu 1957, na vituo vinavyoendeshwa na wasanii vinaomba humo. Lakini kabla ya hapo kuna jambo la msingi zaidi. Mwaka 1968 wasanii wao waliunda chama, CARFAC, kudai kwamba msanii alipwe kazi yake inapoonyeshwa, na mwaka 1975 Kanada ikawa nchi ya kwanza duniani kuwalipa wasanii ada ya maonyesho. Sasa njoo kwetu. Mara ngapi nimepigiwa simu, "Bi mkubwa, tuletee michoro yako, kutakuwa na wageni wakubwa, utajulikana"? Haki ya msanii tumeiandika kwenye sheria yetu ya hakimiliki ya 2003, na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo. Desturi ndiyo haijasoma sheria hiyo. Na fedha za miradi, zikija, huja na bango, fulana na picha ya pamoja; mradi ukifunga, kompyuta zinafungiwa kabatini na ufunguo anao mtu aliyehamishwa kituo cha kazi. Tuliamua harusi ndizo zitakazolipa kodi, na sanaa itakula kwenye kinachobaki.

Maana sanaa ipo, msidhani nimeisahau. Ila huku kwetu imeingilia mlango wa kazi, na naona ndiyo njia iliyozoeleka hapa visiwani. Bi Mariam Hamdani alipoanzisha Tausi mwaka 2009, kundi la taarab la wanawake watupu, jambo jipya halikuwa mwanamke kuimba. Wanawake wameimba tangu zamani. Jipya lilikuwa mwanamke kushika fidla na qanuni mwenyewe. Na ukirudi nyuma zaidi, kwa Siti binti Saad wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari na wanamuziki wake mpaka Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV: sauti ilikuwa yake, mashine, santuri na duka vilikuwa vya wengine. Kila nikipita Forodhani nikasikia wimbo wake umetiwa midundo mipya kwenye spika ya mkahawa, hujiuliza nani kalipwa.

Kazi yetu ya kwanza tuliitengeneza kwa sauti peke yake, kwa sababu nyuso tulikuwa tumeapa hazitoki. Mpiga picha wetu aliomba ruhusa kwenye nyumba moja iliyokuwa na shughuli, akarekodi uwani tangu alfajiri: mchi kwenye kinu, mbuzi za kukunia nazi, udi ukipasuka kwenye chetezo, watoto wakifukuzwa, vigelegele vinavyoanza na mtu mmoja na kushikwa na wengine. Mazungumzo tuliyakata yote. Binti mmoja, aliyejifunza Processing, programu waliyoianzisha Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001 kwa ajili ya wasanii, akaandika maelekezo ya mistari ya hina inayojichora kwenye skrini kwa kuifuata sauti. Sauti ikipanda, mstari unanenepa. Ikikatika, unabaki nukta. Mtia hina alimkalia ubavuni siku nyingi. "Ua halianzi hivyo," anamwambia, "ua linaanza ndani." Binti anabadilisha namba, wanaangalia tena. Sikuwahi kumwona mwanafunzi wa kompyuta akifundishwa vizuri namna ile, na mwalimu mwenyewe hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Tuliionyesha usiku mmoja chumbani kwetu, wanawake tu, projekta ya kukodi, mapazia yameteremshwa, simu kwenye kapu. Tulikuwa tumejiridhisha kwamba hakuna anayeweza kutambulika: hakuna sura, hakuna jina, hakuna neno. Sauti ya mbuzi ikaanza, kru, kru, kru, kimya kidogo, kru. Dakika haikufika, mama mmoja kutoka nyuma akasema, "Huyo Bi Fulani huyo!" Na wenziwe watatu wakaitikia kwamba ndiye, hakuna mwengine hapa mjini anayekuna nazi kwa kupumzika vile anapoigeuza. Ukumbi mzima ukacheka. Sisi sita hatukucheka. Tulikuwa tumewaahidi wenye nyumba kwamba hakuna atakayejulikana, na mtu keshajulikana kwa mkono wake.

Tulibishana mpaka karibu na usiku wa manane. Mwalimu alitaka kazi ifutwe, sifuri mwanzo hadi mwisho, kama tunavyofuta harusi. Mimi nilitaka tuichanganye ile sauti isitambulikane. Binti aliyeiandika alikuwa analia, na sikumlaumu. Mwisho tukakubaliana kwamba kauli si yetu, tukamwendee mwenyewe.

Bi mkubwa alitupokea vizuri, akatutilia chai ya mdalasini, akasikiliza kwa spika ya simu huku kainamisha kichwa. Tukamweleza kosa lilipo, tukamwambia tuko tayari kuifuta mbele yake. Akatuuliza watu waliokuwa wakitazama walikuwa wangapi. Tukamwambia. Akauliza kama walilipa kiingilio. Tukasema elfu mbili mbili, za kukodi projekta. Akanyamaza, akamimina chai tena. Kisha akataka kujua kwa nini jina la mtia hina na la binti wa kompyuta yamo mwisho wa kazi na lake halimo, na yeye atapata ngapi.

Jina lake tumeliweka, juu ya yetu. Hapa siliandiki, kwa sababu ruhusa aliyotoa ni ya kwenye kazi, na hiyo tunaionyesha kwa wanawake tu. Ada tulikubaliana naye kila inapoonyeshwa, ya kwanza tukampelekea siku ile ile jioni. Kodi ya mwezi ule tuliichelewesha.